Kamera za kioo na kamera zisizo na kioo: tofauti zake na namna ya kuchagua

Kwa zaidi ya nusu karne, kamera iliyoaminiwa na wapiga picha wa habari, wa harusi na wa studio ilikuwa na kioo kidogo ndani yake. Kioo hicho ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya ule mlio unaofahamika na kila aliyewahi kusimama mbele ya mpiga picha. Leo watengenezaji wakubwa wa Japani wameelekeza karibu nguvu zao zote katika kamera zisizo na kioo, na mnunuzi wa Kampala, Nairobi, Kigali au Dar es Salaam hukutana na aina zote mbili: zile mpya zisizo na kioo kwa bei ya juu, na zile za kioo, nyingi zikiwa zimeshatumika, kwa bei nafuu zaidi.

Kwa mtu anayeishi kwa kupiga picha, uamuzi huo si mdogo. Kamera na lenzi zake ndizo mtaji wake, kama cherehani kwa fundi nguo. Akinunua kifaa kisichofaa kazi yake, huenda akalipa gharama ya uamuzi huo kwa misimu kadhaa ya harusi. Makala hii inaeleza kioo kilifanya kazi gani, kwa nini kimeondolewa, na mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

Kioo kilitatua tatizo gani

Filamu lazima ikae gizani ndani ya kamera hadi wakati wa kupiga picha. Kwa sababu hiyo mpiga picha wa zamani hakuweza kuona moja kwa moja kile ambacho lenzi ilikiona. Kamera nyingi zilikuwa na tundu la kutazamia lililowekwa juu au pembeni ya lenzi. Tundu hilo lilionyesha takriban mandhari ile ile, lakini si kutoka mahali pale pale. Kwa mlima ulio mbali tofauti haikuwa na madhara. Kwa uso ulio karibu, mpiga picha aliweza kuukata utosi wa mtu bila kujua.

Kamera ya kioo, ambayo wengi huiita kamera ya rifleksi, iliondoa kasoro hiyo. Nyuma ya lenzi huwekwa kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Mwanga ukipita katika lenzi hupiga kioo hicho, hupanda hadi kwenye bamba dogo la kulengea, kisha hupita katika prizimu inayoiweka taswira wima na kuurudisha upande wa kulia mahali pake, ndipo hufika jichoni. Mpiga picha anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, shata hufunguka, mwanga huifikia filamu, shata hufungwa na kioo hurudi chini. Katika muda huo mfupi, tundu la kutazamia huwa giza.

Ufundi huo ulikua kwa hatua. Kine Exakta, iliyotengenezwa Dresden nchini Ujerumani mwaka 1936, ilikuwa miongoni mwa kamera za kwanza za kioo kwa filamu ya milimita 35. Mwaka 1949 mji huo huo ulitoa Contax S, iliyokuwa na prizimu na hivyo kumwezesha mpiga picha kutazama mbele yake badala ya kuinamia kamera kutoka juu. Mwaka 1954 kampuni ya Asahi ya Japani ilitoa Asahiflex IIB, ambayo kioo chake kilirudi chenyewe mara baada ya picha kupigwa. Kisha mwaka 1959 ikaja Nikon F, kamera imara iliyokuwa chombo cha wanahabari katika vita, viwanja vya michezo na mikutano ya wakuu wa nchi. Mlango wa lenzi uliobuniwa kwa kamera hiyo uliendelea kutumika katika kamera za kioo za Nikon hadi karne ya 21.

Kihisi chachukua kazi ya kioo

Kuja kwa kamera za kidijitali hakukukiondoa kioo mara moja. Kamera ya kidijitali ya kitaalamu ambayo Kodak iliiuza kuanzia mwaka 1991 ilijengwa juu ya mwili wa Nikon F3 na ilikuwa na pikseli milioni 1.3. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na pikseli milioni 2.7. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, ambayo nchini Marekani iliuzwa kwa chini ya dola 1,000, na ikawafungulia mlango watu wengi wasiokuwa matajiri. Katika kamera zote hizo kihisi, yaani kile kibamba cha elektroniki kinachopokea mwanga, kilikalia kiti cha filamu tu. Kioo, prizimu na tundu la kutazamia vilibaki kama vilivyokuwa.

Hata hivyo, kihisi kina uwezo ambao filamu haikuwa nao: kinaweza kutoa taswira mfululizo bila kuharibika. Kikiachwa wazi nyuma ya lenzi, kinaweza kuipeleka taswira hiyo kwenye skrini, na mpiga picha akaona hasa kile ambacho lenzi inakiona. Hapo kazi ya kioo inakuwa imekwisha.

Mwaka 2008 jambo hilo lilijitokeza kwa njia mbili. Kwanza, kamera za kioo za Nikon D90 na Canon EOS 5D Mark II zilipata uwezo wa kurekodi video. Ili kurekodi, kioo kililazimika kubaki juu muda wote, tundu la kutazamia likawa giza, na mpiga picha akatumia skrini ya nyuma. Kwa maneno mengine, kila aliyerekodi harusi kwa kamera ya kioo alikuwa akiitumia kama kamera isiyo na kioo. Pili, mwaka huo huo Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya lenzi za kubadilisha ambayo haikuwa na kioo kabisa. Mahali pa prizimu paliwekwa skrini ndogo ndani ya tundu la kutazamia. Hicho ndicho tunachokiita hapa kitazamio cha kielektroniki.

Miaka iliyofuata mabadiliko yalikwenda kasi. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7, yenye kihisi cha ukubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Mwaka 2017 Sony A9 iliweza kupiga picha 20 kwa sekunde bila kitazamio kuwa giza hata kidogo. Canon na Nikon, zilizokuwa ngome za kamera za kioo, ziliingia rasmi katika uwanja huo wa kihisi kikubwa mwaka 2018. Mwaka 2020 takwimu za CIPA, jumuiya ya watengenezaji wa kamera wa Japani, zilionyesha kwamba kamera zisizo na kioo zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi zile za kioo. Mwaka huo huo shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake watahamia kamera za Sony zisizo na kioo. Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zote za mwaka 2020, zilikuwa kamera za mwisho za kioo za daraja la juu kutoka kampuni hizo mbili. Miongoni mwa majina makubwa ni Pentax iliyoendelea kusimama na kioo, ikitoa K-3 Mark III mwaka 2021.

Jicho linaona nini kabla ya kubonyeza

Tofauti kubwa ya matumizi iko katika kile kinachoonekana. Tundu la kamera ya kioo huonyesha mandhari yenyewe kupitia glasi. Taswira haicheleweshwi, haina punje, na huonekana hata kamera ikiwa imezimwa. Lakini haisemi lolote kuhusu picha itakayotoka. Mpiga picha akiwa ameweka mwanga mwingi kupita kiasi au mdogo mno, tundu litaonyesha mandhari ile ile nzuri, naye atagundua hitilafu baadaye kwenye skrini ya nyuma.

Kitazamio cha kielektroniki huonyesha picha ikiwa imekwisha kupimwa. Mwanga ukizidi, uso unaonekana kung'aa kupita kiasi. Ukipungua, unaonekana gizani. Na rangi ya taa ya manjano inajidhihirisha kabla ya kitufe kubonyezwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wapiga picha wa ukanda wetu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kwa kawaida huichukulia mandhari kana kwamba wastani wake ni kijivu cha katikati. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gauni jeupe linalojaza fremu hukidanganya kipimo hicho: kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi huzama katika giza. Mpiga picha mzoefu wa kamera ya kioo anajua kuongeza mwanga kwa kukisia, kisha huhakikisha kwenye skrini. Anayetumia kitazamio cha kielektroniki huona uso ukizama na kuurekebisha pale pale, kabla ya pete kuvishwa.

Mfano wa kinyume unapatikana katika misitu wanakoishi gorila wa milimani, yaani Bwindi na Mgahinga nchini Uganda, mbuga ya Volkano nchini Rwanda na Virunga nchini Kongo. Manyoya meusi yakijaza fremu, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga. Manyoya hugeuka ya kijivu, na shata hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo mnyama akisogea picha hutikisika. Wageni hupewa saa moja tu na wanyama hao, na matumizi ya taa ya flashi hayaruhusiwi. Katika saa hiyo, kuona kosa kabla ya kulifanya ni faida inayopimika.

Lipo pia suala la jua. Katika mchana wa nchi za ikweta, skrini ya nyuma ya kamera haionekani vizuri, na wapiga picha wengi huifunika kwa mkono au kofia. Kitazamio cha kielektroniki huwezesha kupitia picha zilizopigwa jicho likiwa limefunikwa ndani ya tundu. Upande wa usalama, kulitazama jua moja kwa moja kupitia tundu la kamera ya kioo, hasa kwa lenzi ndefu, kunaweza kuunguza jicho. Kitazamio cha kielektroniki hakiupeleki mwanga wa jua jichoni, lakini kihisi chenyewe kinaweza kuungua. Wakati wa kupatwa kwa jua, kichujio maalumu mbele ya lenzi ni cha lazima kwa aina zote mbili.

Kitazamio cha kielektroniki kina upungufu wake. Katika giza taswira hupata punje na inaweza kuchelewa kidogo. Mandhari yenye jua kali na kivuli kizito huonekana na utofauti mkubwa kuliko ilivyo machoni. Baadhi ya watu huchoka macho baada ya saa nyingi. Ubora hutofautiana sana kati ya kamera na kamera: kitazamio cha Lumix G1 kilikuwa na nukta milioni 1.44, ilhali Sony A1 ya mwaka 2021 ina nukta milioni 9.44. Anayenunua kamera ya bei ya chini asitarajie kuona kile anachokisifia mwenye kamera ya bei ya juu.

Katika studio, wanaohamia aina mpya hukutana na jambo linalowashtua. Kamera ikiwa imepangwa kwa ajili ya taa za flashi, kitazamio huwa cheusi, kwa kuwa kamera haijui kwamba taa zitawaka. Hali hii hutokea hasa pale taa zinapowashwa kwa kifaa cha redio. Kamera haijaharibika; inatosha kuingia kwenye menyu na kuzima kipengele cha kuonyesha kiasi cha mwanga.

Kulenga

Katika kamera ya kioo, sehemu ya mwanga hupenya kioo kikubwa, hupiga kioo kidogo kilicho nyuma yake na kuelekezwa chini ya kamera, kwenye kifaa maalumu cha kulenga. Njia hiyo ni ya haraka sana, na ndiyo iliyowawezesha wapiga picha wa michezo kumfuata mchezaji anayekimbia. Lakini kifaa hicho kiko mahali tofauti na kihisi. Vipimo vikipishana hata kwa kiasi kidogo, kamera huamini imelenga jicho kumbe imelenga sikio. Kamera nyingi za daraja la kati na la juu zina menyu ya kurekebisha hitilafu hiyo kwa kila lenzi. Aidha, nukta za kulenga hukusanyika karibu na katikati ya fremu.

Katika kamera isiyo na kioo, kihisi kinachopiga picha ndicho kinacholenga. Hakuna vipimo viwili vya kupishana, na nukta za kulenga zinaweza kuenea karibu fremu nzima. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kihisi kinaitazama taswira muda wote, programu ya kamera inaweza kuutambua uso, jicho, ndege au gari na kulifuata. Kwa mpiga picha wa harusi anayetumia lenzi yenye tundu pana, ambayo huacha sehemu nyembamba sana ikiwa safi, kufuata jicho pekee kumepunguza mno picha za kutupwa.

Ni vyema kukumbuka kwamba sifa hii ilikua polepole. Kamera za miaka ya mwanzo zisizo na kioo zililenga taratibu na kuyumba katika mwanga hafifu. Mnunuzi wa kamera iliyotumika asidhani kwamba kila isiyo na kioo inalenga vizuri kuliko kila ya kioo.

Betri na umeme

Hapa ndipo kamera ya kioo inaposhinda bila ubishi. Kutazama kupitia glasi hakuhitaji umeme. Kamera isiyo na kioo huendesha kihisi na skrini muda wote mpiga picha anapotazama, hata kama hajabonyeza kitufe.

Mfano mzuri ni Nikon D850 ya mwaka 2017, yenye kioo, na Nikon Z 7 ya mwaka 2018, isiyo na kioo. Zote zina kihisi cha pikseli milioni 45.7 na hutumia betri za familia moja. Kwa kipimo cha CIPA, betri ya D850 inatosha picha 1,840, na ya Z 7 picha 330. Katika kazi halisi, hasa ya kupiga mfululizo, idadi huwa kubwa kuliko kipimo hicho, lakini uwiano wake unabaki kuwa fundisho. Mpiga picha wa harusi mwenye picha 1,500 kwa siku angeweza kwenda na betri moja kwa kamera ya kwanza. Kwa ya pili, kwa kufuata kipimo, angehitaji tano.

Penye umeme wa uhakika, hilo ni suala la bei ya betri za ziada. Kwa anayefanya kazi vijijini, safarini au mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ni suala la kazi kukamilika au kutokamilika. Kamera nyingi za karibuni zisizo na kioo huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo benki ya umeme ya simu au kifaa cha sola kinaweza kusaidia. Jambo hilo lihakikishwe kabla ya kununua.

Ukimya, taa za ukumbini na vumbi

Kioo kikiinuka na kurudi hutoa mlio na mtikisiko. Kanisani, msikitini, mahakamani au bungeni, mlio huo huvuta macho ya watu. Kamera zisizo na kioo zinaweza kutumia shata ya kielektroniki isiyotoa sauti kabisa. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya kimakanika hata moja.

Ukimya huo una gharama. Kamera nyingi husoma kihisi mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Kitu kinachokwenda kasi, kama mguu unaopiga mpira, kinaweza kuonekana kimepinda. Chini ya taa za mirija au za LED zinazowakawaka haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, picha hupata mistari ya giza na nuru. Katika kamera nyingi flashi nayo haifanyi kazi kwa shata hiyo. Kamera za bei kubwa zina vihisi vinavyosomwa haraka sana, na Sony A9 III ya mwaka 2023 husoma pikseli zote kwa wakati mmoja. Lakini kwa kamera za kawaida, ukumbini ni salama zaidi kurudi kwenye shata ya kimakanika.

Vumbi nalo lisipuuzwe. Lenzi ya kamera ya kioo ikitolewa, kioo na shata hukifunika kihisi. Katika kamera nyingi zisizo na kioo, kihisi hubaki wazi mbele ya upepo. Baadhi ya miundo hufunga shata kamera inapozimwa. Kwa vyovyote, katika barabara za vumbi la kiangazi ni busara kuzima kamera, kuielekeza chini na kubadilisha lenzi ndani ya gari au nyuma ya kizuizi.

Uzito na lenzi

Kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka, hivyo lenzi lazima ikae mbali na kihisi. Katika mfumo wa zamani wa Nikon umbali huo ni milimita 46.5, katika mfumo mpya wa Z ni milimita 16. Kwa Canon umetoka milimita 44 hadi 20. Ndiyo maana kamera mpya ni nyembamba: D850 ina uzito wa gramu 1,005 ikiwa na betri na kadi, na Z 7 gramu 675. Hata hivyo, lenzi kubwa za kitaalamu bado ni nzito, na mkoba mzima haupungui kwa kiasi ambacho mwili wa kamera pekee unaahidi.

Umbali kupungua kuna manufaa mengine: lenzi za zamani zinaweza kufungwa kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta, kwa sababu nafasi iliyopotea hurudishwa na adapta yenyewe. Lenzi za Canon za mfumo wa EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera za mfumo wa RF kwa njia hiyo. Kwa Nikon kuna tahadhari: lenzi za AF na AF-D zisizo na mota ndani hazilengi zenyewe kupitia adapta za FTZ za kampuni hiyo, mtumiaji atalazimika kulenga kwa mkono. Mwenye lenzi hizo apige hesabu hiyo kabla ya kuuza kamera yake ya zamani. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi iliyotengenezwa kwa kamera isiyo na kioo haiwezi kutumika ipasavyo kwenye kamera ya kioo.

Kununua kamera iliyotumika

Picha ya mwisho haijui kama ilipita mbele ya kioo. Vihisi viwili vya kizazi kimoja na ukubwa mmoja hutoa ubora unaokaribiana mno, hata mteja asiweze kutofautisha. Ndiyo maana kamera nzuri ya kioo iliyotumika bado ni mali, mradi ikaguliwe.

Kwanza, ulizia idadi ya picha ambazo shata imepiga. Baadhi ya miundo imejaribiwa kiwandani hadi mara 200,000, na ya bei ya chini hustahimili pungufu ya hapo. Pili, piga picha ya ukuta mweupe au anga kwa tundu dogo la lenzi, kama f/16. Madoa ya vumbi la kihisi yatajitokeza. Tatu, imulike lenzi kwa tochi na kutazama ndani: nyuzi kama za buibui ni ukungu, ambao hustawi penye unyevu, yakiwemo maeneo ya pwani na kandokando ya maziwa. Nne, kwa kamera ya kioo, piga kitu kilicho karibu kwa tundu pana na kuona kama imelenga pale ulipokusudia. Tano, kwa isiyo na kioo, kagua skrini zote mbili kama zina nukta zilizokufa, na uijaribu betri kwa muda, si kwa dakika moja.

Nani achague ipi

Mpiga picha wa studio anayepiga picha za pasipoti, za vitambulisho na za familia, akiwa na taa zake na mteja aliyeketi, hapungukiwi na chochote akitumia kamera ya kioo. Fedha atakazookoa zitamfaa zaidi katika taa na lenzi. Mwanafunzi anayeanza naye anaweza kujifunza vizuri kwa kamera hiyo, ingawa kuona athari ya kila badiliko ndani ya kitazamio humfundisha upesi.

Anayefanya kazi mbali na umeme anufaike na betri ya kamera ya kioo, isipokuwa kama ana uwezo wa kubeba betri za kutosha. Mwandishi wa habari wa mahakama au bunge, mpiga picha wa wanyamapori, na yule ambaye nusu ya mapato yake hutokana na video, wana sababu za kweli za kuhama: ukimya, kufuata jicho, na kutazama kupitia kitazamio wakati wa kurekodi, jambo ambalo kamera ya kioo haiwezi kulifanya.

Kwa mpiga picha wa harusi mwenye lenzi nzuri za kioo, njia ya kati ni kununua mwili mmoja usio na kioo pamoja na adapta, akaitunza kamera ya zamani kama akiba, kisha abadilishe lenzi moja moja kadiri kazi inavyomlipa. Anayeanza bila lenzi yoyote na anayetarajia kujenga kazi ya miaka mingi azingatie kwamba lenzi mpya na matengenezo ya kiwandani yanaelekea upande usio na kioo, na kwamba vipuri vya mifumo ya kioo vitazidi kuwa haba.

Kabla ya kulipa, jaribio rahisi linaweza kumaliza ubishi mwingi. Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu, omba kamera zote mbili unazozifikiria, na piga picha ileile kwa kila moja: uso wa mtu mlangoni mwanga ukiwa nyuma yake, na uso huohuo ndani penye taa za ukumbi. Zifungue nyumbani kwenye kompyuta. Kinachoonekana hapo, kikiwekwa kando ya bei ya betri na lenzi, ndicho kipimo cha kazi yako.